Mapambo ya keki za vijiti za watoto yawe ya kuliwa kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwasihi waokaji wenzangu, wenye maduka ya vifaa vya keki na wazazi wa Moshi na Arusha jambo moja kabla msimu wa sikukuu haujafika. Kila kitu kinachopakwa, kinachonyunyizwa au kubandikwa juu ya keki za vijiti tunazowapa watoto kiwe ni chakula, na kithibitishwe kuwa ni chakula kwa maandishi yaliyo kwenye kifungashio chake, si kwa neno la mdomo la muuzaji.

Keki ninazozizungumzia ni yale madonge ya keki iliyovurugwa, ikachanganywa na krimu kidogo, ikaviringishwa, ikachomekwa kijiti na kuchovywa kwenye chokoleti. Zilipata umaarufu Marekani mwaka 2008 kupitia mwokaji Angie Dudley, na mwaka 2011 mikahawa ya Starbucks ikaanza kuziuza. Kwetu zimepokewa vizuri, na zinastahili. Kila mtoto anapata donge lake zima bila kisu wala sahani, mzazi mwenye fedha kidogo anaagiza idadi inayolingana na wageni wake, na vipande vinavyobaki tunaposawazisha keki kubwa ya harusi havitupwi. Kilele cha kazi hii mkoani Kilimanjaro ni Desemba, ndugu zetu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na ubatizo, kipaimara na harusi zikabanana katika wiki chache pamoja na Krismasi na Mwaka Mpya. Idi zote mbili nazo zina wateja wake, vivyo hivyo mahafali ya chekechea.

Kinachonitia wasiwasi ni mng'ao. Siku hizi mteja anakuja na picha kwenye simu inayoonyesha madonge ya rangi ya dhahabu au ya fedha, anataka yafanane na picha, na mwokaji anakwenda kutafuta unga wa kung'aa. Ukipita kwenye maduka ya mjini utaukuta unga huo, na mara nyingi muuzaji ameugawa kutoka kwenye mkebe mkubwa akautia kwenye vifuko vidogo visivyo na maandishi yoyote. Hakuna orodha ya viambato, hakuna jina la mtengenezaji, hakuna tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukimuuliza kama unaliwa, anajibu kuwa wote wanaununua na hakuna aliyelalamika. Simlaumu kwa nia mbaya, maana huenda naye aliambiwa hivyo hivyo na aliyemuuzia, lakini jibu hilo halimlindi mtoto.

Unga wa mapambo uko wa aina mbili zinazofanana mno kwa macho. Ule wa kuliwa hutengenezwa kwa vitu kama sukari, gundi ya miti ya migunga, wanga wa mahindi na rangi zilizoidhinishwa kwa chakula, ikiwemo rangi ya kung'aa inayotokana na madini ya maika. Ule mwingine umetengenezwa kwa ajili ya kadi, maua ya plastiki, kucha na kazi nyingine za mikono, na ndani yake mnaweza kuwa na vipande vidogo vya plastiki au unga wa metali. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imekuwa ikiwatahadharisha waokaji kwamba maandishi ya "haina sumu" au "kwa mapambo tu" hayamaanishi kuwa kitu hicho kinaliwa. Kinacholiwa lazima kiandikwe hivyo waziwazi, na viambato vyake vitajwe kimoja kimoja.

Madhara yake yamekwisha kuonekana. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, watoto 6 waliugua baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa unga wa rangi ya dhahabu, na uchunguzi ukaonyesha kuwa unga huo ulikuwa na kiasi kikubwa cha shaba. Taarifa ya kitaalamu iliyotolewa mwaka 2021 na kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, ilieleza tukio hilo pamoja na lingine la jimbo la Missouri, ambako mtoto mdogo alikutwa na madini ya risasi katika damu, na unga wa rangi uliotumika kwenye keki yake ukakutwa na risasi nyingi. Shaba nyingi huonekana mapema kwa kutapika na kuharisha. Risasi haionekani. Hujikusanya mwilini kimya na kudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Huenda msomaji akauliza kwa nini ninazitaja keki za vijiti hasa, ilhali unga huo hupakwa hata kwenye keki kubwa. Sababu ni umbo lake. Kwenye keki kubwa pambo liko juu tu, na mlaji mwenye shaka anaweza kulikwangua akala kilichobaki chini. Donge la kijiti limepambwa pande zote, ni dogo kiasi kwamba kila tonge lina pambo lake, na mtoto hulilamba kwanza kabla ya kuliuma. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne anayekula madonge mawili au matatu anaweza kumeza mapambo mengi kuliko mtu mzima aliyekula kipande kikubwa cha keki ya harusi.

Nimefuatilia kazi hii kwa karibu, nami naamini kwamba mara nyingi unga wa kung'aa hutumika kuficha kazi ambayo haikwenda vizuri. Chokoleti imefifia, imepasuka au imeingia chenga, na mwokaji ambaye mteja wake yuko njiani anaona nafuu kuifunika. Kasoro hizo zote zina chanzo kinachojulikana na dawa yake. Donge lililotoka kwenye friza likichovywa kwenye chokoleti ya moto litapasuka, kwa kuwa chokoleti huganda upesi na kunywea wakati keki iliyo ndani inapata joto na kutanuka. Liweke kwenye sehemu ya kawaida ya jokofu kwa nusu saa, lisigande, kisha uliache nje dakika chache kabla ya kulichovya. Krimu ikizidi, donge huwa zito na huteleza kwenye kijiti. Kwa nusu kilo ya keki iliyovurugwa, vijiko vitatu au vinne vya chakula vya krimu vinatosha, nawe utapata madonge yapatayo 18 ya gramu 30 kila moja. Kijiti kichovywe kwanza ncha yake kwenye chokoleti, kisha kiingizwe hadi katikati ya donge na kuachwa kishike.

Chokoleti yenyewe inahitaji uangalifu zaidi, hasa Moshi ambako joto la Desemba halina huruma, tofauti na Arusha palipoinuka. Chokoleti halisi yenye siagi ya kakao ikiyeyushwa na kuachwa igande yenyewe hutoa ukungu mweupeupe na kupoteza mng'ao. Ni lazima iyeyushwe, ipozwe huku ikikorogwa, kisha nyeusi itumike ikiwa kwenye nyuzijoto 31 hadi 32 za Selsiasi, na nyeupe ikiwa chini kidogo, 28 au 29. Ikifanyiwa hivyo hung'aa yenyewe kwa namna ambayo hakuna unga wa dukani unaoweza kuishinda. Mwokaji asiye na kipimajoto anaweza kutumia chokoleti ya kuchovyea iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao, kwani haihitaji utaratibu huo. Ladha yake iko chini, lakini ni kazi ya uaminifu.

Rangi ndiyo inayowapeleka wengi kwenye vifuko visivyo na jina. Rangi ya maji, ile ya vichupa tunayoitumia kwenye aisingi, ikiingia kwenye chokoleti huifanya ikakamae na kuwa na chenga, maana chokoleti haipatani na maji hata matone machache. Inayofaa ni rangi ya mafuta au ya unga, na mwokaji anapoulizia rangi ya unga, anaweza kupewa chochote kilicho cha unga na chenye rangi. Hapa ndipo pa kuwa na msimamo. Kama rangi yenye maandishi kamili haipatikani, afadhali rangi iwekwe ndani ya keki, au donge liachwe na rangi ya chokoleti yake, kuliko kupaka kitu ambacho hakuna anayeweza kukielezea.

Mteja naye asidhani kwamba kuukataa unga huo ni kukubali keki isiyopendeza. Kwa Krismasi na kwa wageni wanaorudi nyumbani, lifinyange donge liwe na umbo la mlima badala ya duara, ulichovye kwenye chokoleti nyeusi, na likishaganda kichwa chake kichovywe kwenye chokoleti nyeupe ambayo itateremka yenyewe kwa michirizi isiyolingana, kisha kileleni inyunyizwe nazi iliyokunwa na kukaushwa. Watoto wa hapa wanaitambua Kilimanjaro kabla hujawaambia. Kwa Idi ya kuchinja, chokoleti nyeupe iliyofunikwa nazi tele hutoa kondoo mzuri sana, macho yakiwekwa kwa chokoleti nyeusi kwa ncha ya kijiti, na kwa Idi ya kufungua, mwezi mwandamo na nyota huchorwa kwa chokoleti ya rangi nyingine kupitia kikoni cha karatasi. Donge la kipaimara linapendeza likiwa jeupe lenye msalaba mwembamba, bila zaidi. Ufuta uliokaangwa, biskuti zilizosagwa na unga wa kakao vyote ni mapambo. Manjano huipa chokoleti nyeupe rangi nzuri kwa sababu rangi yake huyeyuka kwenye mafuta, ila nunua mizizi uikaushe na kuisaga mwenyewe ili uwe na hakika ya kilichomo. Rosela iliyokaushwa ikasagwa na kuchekechwa mara mbili hutoa waridi iliyotulia. Korosho na karanga zina uzuri wake pia, lakini zisitumike kabla mzazi hajaulizwa kama kuna mtoto anayedhurika nazo.

Kuhusu watoto wadogo kabisa niongeze machache. Vile vishanga vigumu vya rangi ya fedha visiwekwe kwenye madonge ya watoto walio chini ya miaka mitano, kwa kuwa vinaweza kuwapalia. Walio chini ya miaka mitatu wapewe donge lililotolewa kijiti na kukatwa vipande. Anayetumia vijiti vya mishikaki kwa kukosa vile vya karatasi akate ncha kali kabla ya kuvichomeka, na asitumie vijiti vya kuchokolea meno hata kama donge ni dogo.

Ombi langu kwa wenye maduka ni kwamba wasigawe tena mapambo kwenye vifuko vitupu. Kama ni lazima kugawa, nakala ya maandishi ya mkebe wa asili iambatane na kila kifuko, na bidhaa za kazi za mikono zikae kwenye rafu yake mbali na za keki. Waokaji nao wadai maandishi hayo, na yakikosekana waondoke, kwa maana duka haliwezi kuendelea kuleta bidhaa isiyonunuliwa. Mzazi anayeagiza anayo haki ya kuonyeshwa kifungashio cha kila pambo, nami namwomba mwokaji yeyote asilichukue swali hilo kama dharau. SIDO, ambayo tangu mwaka 1973 imekuwa ikiwalea wenye viwanda vidogo, ingetusaidia sana kama mafunzo yake ya usindikaji wa vyakula yangegusa rangi na mapambo ya keki, kwani wengi wetu tumejifunza kazi hii kwa kutazama video zinazoonyesha jinsi ya kupaka bila kusema kinachopakwa ni nini.

Kwa upande wa serikali, tangu mwaka 2019 usalama wa chakula, ambao awali ulikuwa chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa Tanzania, TFDA, umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Naiomba ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini, ikishirikiana na maafisa afya wa Manispaa ya Moshi na Jiji la Arusha, ipite kwenye maduka ya vifaa vya keki, ichukue sampuli za unga wa kung'aa unaouzwa bila maandishi, iupime kwa shaba na risasi, na itangaze matokeo kupitia magazeti na redio zetu. Kazi hiyo ifanyike Oktoba, au ikichelewa sana mwanzoni mwa Novemba, kwa sababu ikifika katikati ya Desemba mapambo ya Krismasi yatakuwa yamekwisha kununuliwa na yako majikoni mwetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwokaji wa keki,
Majengo, Moshi