Mpwa wangu, usiuze fungu la mama yako kabla hujaja Pemba

Assalaam alaykum mpwa wangu,

Ujumbe wako wa kutoka Maskati umenifika. Umesema amepatikana mtu wa kununua fungu la marehemu mama yako katika shamba la mikarafuu huku Mtambile, anataka kujenga. Nakujibu hadharani kwa kuwa vijana wetu wengi walioko ng'ambo wana swali kama lako.

Wewe Pemba umeiona kwa picha za fukwe. Sisi huku tunaishi na vilima: mikarafuu juu, mpunga mabondeni, na ukishika njia ya Micheweni unakuta mawe matupu. Waarabu walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, tangu karne ya 13, karafuu hata haijafika. Mtambwe Mkuu mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha. Wenyeji wa hapa walikuwa na mji na biashara zao zamani sana.

Karafuu yenyewe ni ya karne ya 19. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ya kwetu ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar hutoka Pemba.

Mama yako hakupata kukusimulia jioni za msimu? Wachumaji wakirudi, tulikaa barazani kuzunguka pakacha, kandili katikati. Bibi yako alishika shada, akalilaza kiganjani, akalisukuma kwa kiganja cha pili: karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Mara moja tu. Sisi watoto tulinyofoa moja moja na hatukumfikia abadan. Asubuhi tunaanika kwenye majamvi, shingo zote juu kutazama mawingu, maana karafuu ikirowa huchacha na bei huanguka. Ikikauka sawasawa, ukiivunja inalia ta!

Mama yako aliokota zilizodondoka chini ya miti, akazianika peke yake kwenye ungo, akaziuza. Kanga yake ya kwanza ya Idi aliinunua kwa pesa hiyo. Mimi nilianguka mtini. Tawi la mkarafuu halikupi onyo, hukatika tu, na bega langu la kushoto mpaka leo linauma masika yakiingia.

Mkarafuu ukipandwa leo utangoja miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Ile ya bibi yako inazaa sasa hivi, na huyo mtu ataikata yote.

Basi njoo kwanza, ushuke bandari ya Mkoani, mimi nitakuwepo. Tutakwenda Pujini ukaone magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa huko, na tukijaaliwa tutakuta mchezo wa ng'ombe, ambao wazee husema tuliachiwa na Wareno. Ng'ombe huchezwa kwa zumari na ngoma, hauawi.

Chumba cha bibi nimekipaka chokaa. Majamvi yake yamo uvunguni, yamekunjwa vile vile alivyoyaacha.

Mjomba wako.