Hesabu fimbo kabla hajapiga

Kigoma, Mwanga

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo, wadogo zako wanakusalimu. Nimefurahi sana kusikia umepata kazi ya ukedi, kumbebea mchezaji mfuko wa fimbo, kwenye mashindano ya gofu ya Kenya Open. Kabla hujaweka mfuko wa mtu begani, yajue mashindano yenyewe.

Yalianza mwaka 1967. Kwa miaka mingi yalikuwa katika Safari Circuit, msururu wa mashindano ya Afrika ambako wachezaji wa kulipwa wa Ulaya walikuja kujinoa wakati kwao ni baridi. Mwaka 1991 yakaingia Challenge Tour, ligi ya daraja la pili ya Ulaya, na mwaka 2019 yakapandishwa hadi ligi kuu ya Ulaya. Usiyaone madogo. Seve Ballesteros alishinda Kenya mwaka 1978, mwaka uliofuata akatwaa mashindano makubwa ya The Open ya Uingereza, kwenye uwanja wa Royal Lytham. Ian Woosnam alishinda Kenya mwaka 1986, Trevor Immelman mwaka 2000, na wote wawili baadaye wakachukua mashindano makubwa ya Masters kule Marekani.

Habari ya Woosnam isome mara mbili, maana inakuhusu wewe mbeba mfuko. Mwaka 2001, siku ya mwisho ya The Open, tena pale pale Royal Lytham, alianza akiwa miongoni mwa wanaoongoza. Asubuhi alikuwa akijaribu draiva mbili, yaani fimbo za kupiga mbali, uwanja wa mazoezi, na ile ya pili haikutolewa mfukoni. Shimo la kwanza la Lytham ni fupi, hupigwa kwa fimbo ya chuma, kwa hiyo hakuna aliyegusa draiva wala kuona kasoro. Shimo hilo alilimaliza kwa mikwaju 2. Walipofika kuanzia shimo la pili ndipo kedi akagundua: fimbo 15. Kanuni inaruhusu 14, tangu mwaka 1938 Marekani na 1939 Uingereza, kwa sababu zamani wengine walibeba zaidi ya 20. Adhabu ni mikwaju 2 kwa kila shimo lililochezwa na fimbo ya ziada, isizidi 4 kwa raundi. Zile 2 zikawa 4. Kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi; yeye alimaliza mashindano na jumla ya mikwaju 278, sawa na wenzake watano katika nafasi ya tatu. Bila adhabu angekuwa na 276, peke yake nafasi ya pili.

Kwa hiyo hesabu mara mbili: unapotoka uwanja wa mazoezi, na tena kabla mchezaji wako hajapiga mpira wa kwanza. Zitoe moja moja, usikadirie kwa macho, maana vichwa vyenye kofia hufanana.

Mengine ni haya. Mashindano ni siku 4, mashimo 18 kila siku. Baada ya siku ya pili kuna mchujo. Kwa kawaida hubaki 65 wa kwanza na waliofungana nao. Mpira ukipotea mna dakika 3 tu za kuutafuta. Akishaanza kujipanga kupiga, usisimame nyuma ya mpira kwenye mstari wake.

Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na sisi huku ziwani hatufiki 800. Hewa ni nyepesi, mpira huenda mbali kuliko mchezaji aliyetoka pwani alivyozoea. Anayepiga mita 150 huko kwao anaweza kufika 160 na zaidi, akapita grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Siku za mazoezi andika kila fimbo inafika wapi, usitegemee namba zake za nyumbani.

Nyasi za kikuyu nazo ni kigeugeu. Zikikatwa fupi huuinua mpira vizuri. Zikiwa ndefu hushika shingo ya fimbo na kuugeuza uso wake, na kwa anayepiga kwa mkono wa kulia mpira huchomoka kushoto. Hapo mwambie atoke kwanza na weji, fimbo ya kuinua mpira juu, asitamani grini.

Taulo mbili, baba: moja iloweshe nusu kwa kufutia vichwa vya fimbo, nyingine iwe kavu kabisa, uining'inize ndani ya mwavuli. Mvua za Nairobi huweza kushuka mchana, na mshikio ukilowa fimbo huteleza.

Ni mimi mama yako