Harusi isubiri, lakini ndoa iruhusiwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni tangu tufungiwe ndani kwa ajili ya corona mwaka huu wa 2020. Watu waliokuwa wanataka kufunga ndoa wameambiwa wasubiri, hamna tarehe wala maelezo, wasubiri tu. Mi sina ugomvi na lokdauni yenyewe, tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) watangaze janga la corona tarehe 11 Machi wote tumeshaelewa hiki kirusi kinapenda nini: watu wengi, chumba kimefungwa, wanaimba, wanakumbatiana, wanakaa masaa. Ukumbi wa watu 300 hata mimi siendi. Ila kuna kitu tunakichanganya hapa. Harusi na ndoa ni vitu viwili. Harusi ni shangwe, ndoa ni watu wawili kukubaliana mbele ya anayewafungisha na mashahidi, wanasaini, imeisha.

Mdogo wangu wa kike alikuwa aolewe wiki ileile mambo yalipofungwa. Wiki mbili baadae mchumba wake akashikwa na tumbo usiku, wala sio corona, akakimbizwa kufanyiwa opereshini. Nilikuwa nimekaa na mdogo wangu sebuleni akipiga simu hospitali, akaulizwa wewe ni nani wake, akasema mchumba, akaambiwa samahani taarifa tunampa mke au ndugu. Basi ikawa mpaka kaka wa mgonjwa apigiwe ndo na yeye atupigie sisi. Ameshika simu na mikono miwili kama vile ataidondosha, na boksi la kadi za mwaliko liko palepale chini ya meza halijafunguliwa. Simlaumu yule dada wa hospitali, alifuata utaratibu wake. Lakini saini moja tu ndo ilikuwa inakosekana. Na sio hospitali tu, ni mirathi, ni bima, ni viza, ni mtoto anayekaribia kuzaliwa, na kuna wale ambao dini yao hairuhusu kukaa nyumba moja kabla ya ndoa kwahiyo lokdauni imewatenganisha kabisa.

Uingereza tarehe 23 Machi waziri mkuu Boris Johnson alisimamisha harusi lakini mazishi akayaacha. Na ilikuwa sawa kuyaacha, marehemu hawezi kusubiri, watu wachache wakasimama mbalimbali wakazika. Sasa kama tunajua kuzika kwa usalama, kuozesha kwa usalama kunatushinda nini? Australia wao waliruhusu watu 5, yaani bwana, bibi, mfungishaji na mashahidi wawili. New York gavana Andrew Cuomo alitoa amri tarehe 18 Aprili watu wapate leseni na kufunga ndoa kwa video. Kwahiyo inawezekana na wenzetu wameshafanya.

Mi naomba hivi, ndoa ifungwe nje penye hewa, isizidi dakika 15, barakoa, kila mtu aje na kalamu yake, fomu zitumwe kwa mtandao kabla ili siku yenyewe pasiwe na foleni ofisini, na majina na simu za waliohudhuria yaandikwe ili mtu akiugua ndani ya siku 14 wenzake wajulishwe. Mwenye dalili aahirishe, asibishane.

Najua kuna watakaosema watu wakishafunga ndoa lazima watafanya pati kwa siri. Basi afuatwe aliyefanya pati, sio yule aliyesaini akarudi zake nyumbani. Tena mtu ukimfungia mlango wote ndo anatafuta dirisha, na huko dirishani hakuna wa kuhesabu watu wala kuuliza nani anakohoa.

Shemeji yetu ametoka hospitali anaendelea vizuri tunashukuru Mungu. Hawataki ukumbi tena, hawataki muziki, gauni mdogo wangu kasema hata asipolivaa sawa tu. Wameenda ofisi ya usajili wakaambiwa wapige simu mwezi ujao, na mwezi uliopita jibu lilikuwa hilohilo.

Msomaji wako