Wanaojifunza pikipiki wafundishwe breki ya mbele

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo moja tu linalotuhusu tuliojifunza pikipiki ukubwani, pamoja na vijana wanaoingia kwenye bodaboda kila siku. Jambo hilo ni breki ya mbele.

Mimi ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi. Naishi Changarawe, jirani na Chuo Kikuu Mzumbe, na shule yangu iko upande wa Mlali, njia ya kwenda Mgeta. Kwa muda mrefu nilikuwa napanda bodaboda asubuhi na jioni, mpaka nauli ikawa inanimalizia mshahara kabla mwezi haujafika katikati. Mwaka jana nikachukua mkopo kwenye kikoba chetu, nikanunua pikipiki yangu ya cc 125. Sasa kukipambazuka navaa suruali ndani ya gauni, nafunga mkanda wa kofia ngumu, naingia barabara kuu ya Iringa pamoja na mabasi ya Mbeya na malori ya Zambia na Kongo, kisha Sangasanga nakunja njia ya Mlali. Huko nakutana na malori yanayoshusha kabichi na karoti kutoka Mgeta, na mvua ikinyesha usiku asubuhi unakuta mchanga umetandazwa barabarani hasa kwenye kona.

Naipenda pikipiki yangu. Nafika shuleni mapema, nafungua darasa mwenyewe, na jioni nina muda wa kupitia sokoni. Wanawake wenzangu wanaosita kwa kuogopa maneno ya watu nawaambia wanunue. Maneno yalikuwepo mwanzoni, yakaisha.

Kabla ya leseni nilisoma chuo cha udereva kama sheria inavyotaka. Alama za barabarani nilifundishwa vizuri, na nani apite kwanza kwenye kipilefti nalijua. Kwa vitendo tulifundishwa kuachia klachi taratibu, kubadili gia na kuzunguka kwenye koni bila kuweka mguu chini. Yote hayo ni ya mwendo wa kutembea. Sijasikia mwalimu akisema: kimbiza mpaka 40, sasa simama. Vijana wengi hata hayo hawayapati. Rafiki anampeleka mwenzake uwanjani jioni moja, anamwonyesha gia, na baada ya siku chache mwanafunzi huyo anabeba abiria.

Somo la breki wanalipata kijiweni, na ni hili: "Usiguse ya mbele, itakurusha." Nimelisikia Sangasanga, nimelisikia Mlali, nimelisikia hata mjini Msamvu. Nilipopeleka pikipiki kwa fundi nikamwomba akaze breki ya mbele, alishangaa. Akaniambia wateja wake wengi wanataka ilegezwe, na wapo walioacha waya wake ukakatika na hawana haja ya mwingine. Ile ya mbele, akasema, wanaiweka ili trafiki akikagua aione.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa hapa kijijini, bwana shamba mstaafu, ambaye kazi yake yote aliifanya juu ya pikipiki katika milima hii ya Uluguru. Nilimwomba baada ya kuona anavyoshuka mteremko wa Mlali na mzigo nyuma bila papara. Alinipeleka uwanja wa shule siku ya Jumamosi, akachora mstari wa chokaa kwenye ardhi ngumu, akaniambia nije kwa mwendo wa 30 na nikifika kwenye mstari nikanyage breki ya nyuma peke yake. Nikakanyaga. Tairi la nyuma likajifunga, likaburuza, mkia ukaanza kucheza kulia na kushoto, na pikipiki ikasimama mbali. Mzee akapiga kijiti pale tairi la mbele lilipoishia. Kisha akaniambia nirudie, safari hii nikanyage ya nyuma kidogo na papo hapo nivute ya mbele kwa vidole viwili, mwanzo polepole, halafu nizidi kukaza kadiri inavyopungua mwendo. Pikipiki ikainama mbele, ikatulia, ikasimama. Kijiti cha pili kilikaa karibu nusu ya umbali wa kile cha kwanza. Nilivitazama vijiti vile nikawafikiria vijana wote walioambiwa wasiguse ya mbele.

Sababu yake mzee aliieleza kwa ndoo: ukibeba ndoo ya maji kichwani ukasimama ghafla, maji yanakuja mbele. Uzito wa pikipiki na mwendeshaji nao unakuja mbele vilevile. Tairi la nyuma linakuwa jepesi, ukilikanyagia breki linajifunga na kuteleza. La mbele linabanwa chini na uzito wote ule, kwa hiyo ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. Ila uzito unahitaji kitambo kidogo kufika mbele. Anayeifyatua breki ghafla kama anayekamata kuku anakuta tairi bado halijabanwa, nalo linateleza. Anayeivuta kwa kuikaza hatua kwa hatua, usukani ukiwa umenyooka, hakuna kinachomrusha.

Na hapo ndipo lile somo la kijiweni lilipotoka, nadhani. Watu wameanguka kweli kwa breki ya mbele. Walianguka kwenye mchanga, kwenye kona, usukani ukiwa umekatwa, au kwenye lami iliyopata manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi, wakati vumbi na mafuta yaliyomwagika yanageuka utelezi. Mahali kama hapo ya mbele inaguswa kwa upole sana, na mwendo unapunguzwa kabla ya kuingia kona. Lakini tumechukua tahadhari ya kwenye mchanga tukaifanya sheria ya kila mahali, hata kwenye lami kavu iliyonyooka, ambako ndiko magari yanakochomekea na kusimama bila indiketa.

Naomba wasomaji wafanye hesabu pamoja nami. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde. Ukiona hatari, sekunde moja inapita kabla mkono na mguu havijaanza kazi. Mita 17 zimekwisha na breki bado haijashikwa. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 30 hadi 60, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne. Yule anayetumia ya nyuma peke yake anauzidisha tena umbali huo huo. Kibao cha 50 tunapopita vijijini kipo kwa hesabu hii, hata pasipokuwa na trafiki mwenye tochi.

Muhula uliopita daladala ilinipita karibu na Sangasanga, ikachomekea mbele yangu na kufunga breki palepale kumshusha mama mwenye ndoo za nyanya. Upande wangu wa kushoto lami ilikuwa imekatika, ukingo umeshuka kama kiganja kwenda chini, sikuwa na pa kutokea. Vidole vilikuwa tayari juu ya breki. Nilisimama nyuma ya bampa na nafasi ikabaki. Yule mama aliniamkia akavuka na nyanya zake.

Kijana mmoja jirani yetu hakubahatika hivyo. Nilimfundisha darasa la tano. Alikuwa mwepesi wa kuzidisha kichwani kuliko wote. Alikuwa na pikipiki ya mkataba, anampelekea mwenyewe hesabu ya siku kila jioni, na siku lori la kabichi liliposimama ghafla mbele yake alikanyaga ya nyuma kwa nguvu zote. Alama ya tairi ilibaki kwenye lami kwa siku nyingi, mstari mrefu mweusi unaopinda mwishoni. Mguu ulivunjika mara mbili chini ya goti. Mwenye pikipiki aliichukua, na mama wa kijana ndiye anayechoma maandazi kulipia matibabu. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Mwalimu, nilikanyaga mpaka mwisho." Naamini alikanyaga. Alifanya sawasawa na alivyofundishwa.

Kwa hiyo ninayo maombi. Wanaotahini waombaji wa leseni ya pikipiki wamtake kila mmoja asimame kutoka mwendo wa 40 kwa breki zote mbili, mbele ya macho yao, na pikipiki isiyo na breki ya mbele inayofanya kazi isiruhusiwe hata kuanza jaribio. Trafiki anapokagua, aivute hiyo breki kwa mkono badala ya kuitazama. Viongozi wa vijiwe, ambao vijana wanawasikiliza kuliko sisi walimu, waache kuwaambia wageni wasiguse ya mbele. Na gazeti lako, Mhariri, linalosomwa mpaka kwenye vijiwe hivyo, lingetusaidia sana likitenga hata robo ukurasa kwa mambo haya ya vitendo: breki, kina cha kucha za tairi, cheni, abiria mwenye kanga inayoning'inia karibu na spoku.

Huku kwetu tumeanza kidogo. Mkuu wa shule ameturuhusu kutumia uwanja Jumamosi alasiri wanafunzi wakishaondoka, na yule mzee amekubali kuja na chokaa yake. Mwendesha pikipiki yeyote wa Mlali, Sangasanga au Mzumbe anakaribishwa, mwanamke kwa mwanamume, hakuna malipo. Aje na kofia ngumu, na apitie kwanza kwa fundi akaziwe breki ya mbele.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Changarawe, Mvomero, Morogoro