Lipieni kazi ya kukata kutu kabla ya rangi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye magari ya zamani, hasa wale wanaorithi gari la mzee wakaamua kulifufua. Mimi ni fundi wa bodi, Kariobangi Light Industries. Ombi langu ni moja: msilipie rangi kabla bamba lililooza halijatolewa lote, na kazi hiyo ya kulitoa msimpe mtu mwenye haraka.

Nasema hivyo kwa sababu ya gari lililo mbele yangu wakati huu, Peugeot 504 ile ndefu yenye safu tatu za viti. Mwenyewe ni mama wa Buruburu, na gari lilikuwa la marehemu babake. Alitaka lipakwe tu rangi yake nyeupe ya zamani, waende nalo Murang'a Desemba. Kwa macho lilikuwa zima. Nikapitisha sumaku chini ya milango. Upande wa kushoto haikushika popote kuanzia nguzo ya mlango wa mbele hadi karibu na gurudumu la nyuma. Nikasukuma bisibisi, ikazama hadi mpini. Tulipobandua filla, ule uji wa kuziba mashimo unaokauka ukawa mgumu na ambao sumaku haiushiki, tukakuta gazeti lililokunjwa, wavu wa mbu, na kipande cha bati la kuezekea kilichopigwa ribiti juu ya kutu. Nyuma ya bati kulikuwa na udongo mwekundu, bado una unyevu. Fundi aliyeweka vitu hivyo alilipwa pesa za mzee, na mzee akafariki akiamini gari lake limetengenezwa. Jambo hilo limeniuma sana.

504 haina chasi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba injini, abiria na mizigo, na ile boriti ya chini ya milango ndiyo inayozuia gari lisilegee katikati. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1975, likarudia mwaka 1978 likiwa na injini ya V6, na kwa miaka mingi lilibeba watu wa Nakuru na Kisumu likiwa limejaa pomoni. Lilivumilia kwa sababu ya vyuma hivyo vya chini. Vikioza, hakuna filla itakayobeba uzito wao. Wenye Land Rover za zamani nao wasijione salama: mabamba ya nje ni ya aluminiamu na hayashiki kutu, lakini chasi ni ya chuma, na ule ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva ni wa chuma pia. Huko ndiko kutazamwe kwanza.

Sasa kukata kwenyewe. Nimeona vijana wakiingia na grainda siku ya kwanza, cheche zinaruka, na jioni boriti nzima iko chini. Asubuhi milango haifungi. Gari limeshuka katikati kidogo tu, labda upana wa kidole, na hicho kidogo hakirudi kwa nyundo. Mimi huanza kwa kulisimamisha gari kwenye stendi zilizo karibu na ekseli, sawasawa pande zote, kisha nachomelea vyuma vya kushikilia ndani ya uwazi wa milango, kutoka nguzo hadi nguzo, na kimoja cha kuvuka kutoka kushoto kwenda kulia. Napima kwa futi kutoka pembe hadi pembe na kuandika vipimo kwa chaki ukutani. Ndipo nakata upande mmoja. Wa pili hauguswi mpaka wa kwanza uwe umechomelewa na milango imefungwa ikakaa na nafasi sawa.

Bamba la kiwandani limeshikwa kwa nukta nyingi ndogo zilizochomelewa, na nukta hizo hufichwa na rangi. Napiga brashi ya waya mpaka vishimo vidogo vya mviringo vionekane, nagonga alama katikati ya kila kimoja, halafu natoboa kwa drili ya milimita 8 bamba la juu peke yake. Hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Ukikandamiza sana unatoboa hata chuma kizima cha ndani, na umeharibu mahali pa kuchomelea bamba jipya. Ukishatoboa zote, tindo nyembamba inatosha kuachanisha. Bamba linatoka likiwa na umbo lake, limeoza ndiyo, lakini mikunjo yake yote inasomeka.

Bamba hilo msiliuze kwa mtu wa vyuma chakavu. Ndilo mfano wa kutengenezea jipya. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, kwa hiyo 504 za kuvunjwa hazitoki nje. Ukikosa bamba zuri kule Kirinyaga Road, itabidi likunjwe hapahapa. Kuna mafundi Kamukunji ambao ukiwapa kipande cha zamani na chuma cheusi cha unene wa milimita moja watakurudishia kitu kinachokaa mahali pake. Bati la kuezekea halifai. Limepakwa zinki, na moshi wa zinki ukiuvuta wakati wa kuchomelea, usiku unalala na homa na baridi ya mwili. Vijana wangapi wa mtaa huu wamedhani ni malaria!

Tena, kabla ya cheche ya kwanza, tangi la petroli litoke na kuwekwa mbali, betri itolewe, viti na zulia vitolewe. Tangi tupu lina mvuke na linalipuka kuliko lililojaa. Miwani ya macho si anasa.

Najua kinachowasukuma mafundi wenzangu kwenye filla. Mteja anakuja na bei ya rangi mkononi, na kazi ya kukata haionekani gari likishamalizika. Kwa hiyo wenye magari, kubalianeni na fundi bei mbili: ya kufungua na kukata kwanza, kisha ya kuchomelea na rangi baada ya nyote wawili kuona kilichomo ndani. Njooni siku bamba linapotoka. Ingizeni mkono, mguse chuma kilichobaki. Kabla mahali hapo hapajafungwa tena, hakikisheni ndani pamepakwa rangi ya zinki, vile vitundu vya chini vya kutolea maji viko wazi, na mafuta mazito ya kuzuia kutu yatanyunyizwa humo baada ya kuchomelea.

Yule mama wa Buruburu nilimwita aone. Alisimama akatazama lile gazeti, kisha akaniambia tukate upande wa kulia pia. Murang'a Desemba hii wataenda kwa matatu, na 504 itawafuata mwakani ikiwa na vyuma vyake.

Fundi wa bodi,
Kariobangi Light Industries, Nairobi