Redio ya kabatini haitoshi siku ya maafa

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya mafuriko au tetemeko kubwa, watu hukimbilia kununua redio ndogo za mkononi za kuzungumzia, wakazifungia kabatini pamoja na tochi na maji ya akiba. Huamini kwamba simu zikikatika, wao watasikika. Imani hiyo inanitia hofu.

Redio ya mkononi ya wati 5 hurusha mawimbi yanayokwenda moja kwa moja. Mlima au majengo yakikaa katikati, mara nyingi husikiki zaidi ya kilomita chache. Kinachoifikisha mbali ni kituo cha kurusha upya mawimbi kilichojengwa mlimani, nacho hutaka umeme kama mnara wa simu. Kuvuka eneo zima lililoharibika ni kazi ya mawimbi mafupi. Waya wa antena wa mita 20 hivi, ukitundikwa mita chache tu kutoka ardhini, hupeleka juu mawimbi ya megahezi 7, yakarudishwa na ionosfia, tabaka la juu la angahewa, na kufunika mamia ya kilomita, hata nyuma ya milima. Usiku mara nyingi hubidi kushuka hadi karibu megahezi 3.5, la sivyo walio karibu hawasikiki. Nani atajifunza haya gizani, maji yakipanda?

Tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman na Nicobar tarehe 26 Desemba 2004, Bharathi Prasad, mwendesha redio wa ridhaa wa India (yaani anayerusha redio kwa leseni bila kulipwa), alikuwa tayari Port Blair, mji mkuu wa visiwa hivyo, na wenzake. Walikwenda kuzungumza na wapenzi wa redio duniani; antena zao zilikuwa juu na leseni mkononi. Wakaacha shughuli hiyo, wakageukia kupeleka habari za manusura kwa jamaa zao bara. Mwaka 2017, Kimbunga Maria kilipozima zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu Puerto Rico, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba waendesha redio 50. Uliomba watu.

Wapo wanaosema leseni ni usumbufu, kwamba siku ya maafa hakuna atakayeiuliza. Siafiki hata kidogo. Leseni ndiyo inayokuruhusu kufanya mazoezi kila wiki, na mazoezi ndiyo yanayokuzoesha kusikiliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kusemea, kuandika ujumbe neno kwa neno, kutaja mahali, idadi ya majeruhi na kinachohitajika, kisha kungoja mpokeaji akurudishie ulichosema. Mmoja tu anayebonyeza ovyo huwazibia wote, pamoja na aliyenasa chini ya kifusi.

Kamati za maafa nazo zina deni. Kifungu cha 25 cha Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, kinahimiza serikali ziziwezeshe stesheni za ridhaa kujiandaa kwa mawasiliano ya maafa, lakini mara nyingi waendesha redio hukumbukwa mitandao ikishazimika. Waiteni sasa. Wapeni zoezi la siku nzima, simu zikiwa zimezimwa na redio zikitumia betri pekee, wapeleke ujumbe kati ya hospitali na vituo vya hifadhi. Na wewe Mhariri, ukichapisha tena orodha ya vitu vya dharura, tafadhali kando ya redio ongeza namna ya kupata mafunzo na leseni.

Wako,
Mwendesha redio wa ridhaa