Mafunzo ya huduma ya kwanza yawafae na viziwi

Mhariri,

Mafunzo mengi ya huduma ya kwanza humwacha kiziwi pembeni hata mkalimani wa lugha ya alama akiwepo. Mkufunzi hueleza huku akikandamiza kifua cha mdoli, na hakuna awezaye kutazama mikono ya watu wawili kwa pamoja. Aonyeshe, atulie, ndipo aeleze.

Kasi ya mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika hufundishwa kwa makofi au wimbo. Kwa kiziwi, taa inayowaka na kuzima mara 110 kwa dakika, au kumgonga begani kwa kasi hiyo, hutosha kabisa. Pumzi ya mgonjwa aikague kwa kutazama kifua na kuweka shavu lake karibu na pua ya mgonjwa, kwa sekunde zisizozidi 10.

Wizara ya Afya iandae viziwi wenyewe kuwa wakufunzi, na simu za dharura zipokee ujumbe mfupi.

Mkufunzi wa huduma ya kwanza,
Morogoro